Bahasha ya Kijani

Saa 5:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma, mgahawa wa supu wa Mama Lalao. Njaka alichovya kidole kwenye kikombe cha maji ya ukoko wa wali, akachora sanduku la zabuni mezani.

“Bahasha tatu. Kampuni tatu zinataka kusanifu mtambo mpya wa maji wa mji, kuujenga na kuuendesha miaka ishirini. Saa nane zinafunguliwa hadharani. Tunaitoa ya kijani. Karani ameshachana ukurasa wa daftari la mapokezi, ionekane haikuletwa.”

“Tunaichoma?” aliuliza Bona, dereva.

“Hapana, tunaitia kwenye supu.”

Bona alicheka. Ratsimba hakucheka. Miaka ishirini na sita alisafisha vichujio vya mtambo wa zamani, mpaka ulipofungwa na wafanyakazi arobaini wakatupwa nje. Kwa wizi huu hakuahidiwa pesa, hata ariari moja. Mabosi wenye bahasha ya bluu walimwahidi zamu yake kwenye mtambo mpya. Ana miaka hamsini na tatu; nani mwingine angemchukua?

Saa 6:25 mchana.

Ofisi za mji zimefungwa. Wakubwa wamekwenda kula na kulala. Njaka alibaki mlangoni, bastola chini ya kofia ya ukili. Ratsimba aliingia stoo yenye sanduku la zabuni. Kufuli la sanduku lilikubali kwa dakika mbili. Bahasha ya kijani, muhuri wa nta nyekundu.

Hapo akafanya upuuzi ambao jambazi wa kweli hafanyi. Mtu wa mtambo hapokei zamu kabla ya kusoma daftari. Mikono ilishazoea. Akavunja nta, akasoma.

Ukurasa wa tisa: wafanyakazi wote wa zamani watarudishwa.

“Njaka. Hawa wanaturudisha wote. Na mabosi wetu?”

“Watu watatu na kompyuta.”

“Ulijua?”

“Mzee wa klorini, mimi nimeitwa kuiba. Ajira yako kaulize mbele. Lete hiyo.”

Ratsimba aliirudisha sandukuni, akabana kufuli. Ngazi zikalia kwa viatu vya mlinzi. Njaka aliinua bastola, akaishusha. Kisha akaona vipande vya nta sakafuni. Akatabasamu kama mtu aliyepunguziwa kazi, akatoka.

Ratsimba hakulielewa tabasamu lile.

Saa 8:07 mchana.

Ukumbi umefurika. Bi Voahangy, mwenyekiti wa kamati, aliinua bahasha ya kijani, akaigeuza.

“Muhuri umevunjwa. Haisomwi.”

Akaiweka kando.

Ratsimba alisimama. “Mama, nimeuvunja mimi. Wenye bahasha hawana kosa.”

Polisi wawili wakamfuata.

“Asante kwa kusema kweli, baba,” alisema Bi Voahangy, na alimaanisha. “Lakini kanuni haiulizi aliyevunja ni nani.”

Karibu na mlango Njaka aliinama kidogo, akampisha kwa adabu zote.

“Pita, mzee.”

Nyuma yao ikasomwa ya bluu. Kati ya mbili zilizobaki, ndiyo iliyokuwa nafuu. Mtambo ungeanza kujengwa mwezi ujao, na mji mzima ulikuwa ukinywa maji ya mto tangu Pasaka. Watu wakapiga makofi.

Waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa wenzake Ratsimba wa vichujioni; ukurasa wa tisa hakuna aliyewasomea.