Mahindi Yasiyopuliziwa

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alimaliza kuosha vyombo, akavaa mabuti, akaenda kukagua mahindi yao nyuma ya nyumba. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Mdomo wake ulikuwa haupumziki, ndiyo maana nyumbani walimwita hivyo. Alikuwa darasa la sita.

Msimu ule alikuwa na kazi maalumu. Bwana shamba alikuwa ameleta chupa ndogo ya mbolea ya nano.

"Chembechembe zake ni ndogo mno, hata jicho halizioni," alieleza. "Zinapenya kwenye jani lenyewe. Jani likishiba, linapata nguvu ya kupambana na ugonjwa wa madoa. Ila sijui kama itafaa huku kwetu, ndiyo maana tunajaribu kwanza."

Nusu ya shamba ingepuliziwa mara tatu, nusu nyingine ingeachwa hivyo hivyo. Mama aliumwa mgongo na hakuweza kubeba bomba la kupulizia, kwa hiyo kazi ikawa ya Chiriku: kifuniko kimoja cha mbolea kwa bomba moja la maji, glavu mikononi, barakoa usoni, kisha kuandika kwenye daftari.

Mara ya kwanza aliifanya kwa moyo wote. Mara ya pili iliangukia siku ya mechi ya netiboli, na mfungaji alikuwa yeye. Alisimama kando ya shamba, akatazama jua, akatazama bomba. Kisha akamwaga kifuniko kimoja cha mbolea mtaroni ili chupa ionekane imepungua, akaandika: "Nimepulizia mistari yote kumi na miwili." Mara ya tatu hakukuwa na mechi yoyote. Alifanya vile vile, kwa sababu mara ya pili hakuna aliyemuuliza kitu.

Madoa ya kijivu yakajaa kwenye majani, upande huu na upande ule. Bwana shamba alihesabu majani mstari kwa mstari, akasoma daftari mara mbili, akalifunga taratibu.

"Umejitahidi, Chiriku. Mbolea yenyewe ndiyo imetuangusha."

Chiriku, ambaye siku zote hakosi neno, siku hiyo alikosa.

Wiki ile ile wakulima walikutana katika darasa moja la shule, wakapewa majibu ya jaribio. Shangazi yake alikuwa amechelewa kupanda, naye alikuwa amepewa chupa kama ile, akisubiri majibu hayo ili aanze kupulizia. Alirudisha chupa yake bila kuifungua. Chiriku aliketi nyuma yake kabisa. Aliuona mkono wa shangazi ukiiweka chupa mezani.

Siku ya mavuno alikwenda kumsaidia. Majani yalikuwa yamekauka kabla ya wakati. Shangazi alimenya hindi moja akalinyanyua.

"Hebu muone huyu, mapengo matupu kama mtoto wa darasa la kwanza." Alicheka kidogo, kisha akaacha. Mwaka uliopita alivuna magunia manne. Sasa hata mawili hayakufika. "Hata hivyo nalishukuru daftari lako, mwanangu. Limeniepusha kujichosha bure."

Chiriku aliweka kikapu chini. "Shangazi, sikupulizia."

"Hukupulizia nini?"

"Mahindi ya mama. Nilipulizia mara moja tu. Hizo nyingine mbili niliandika tu."

Shangazi hakumgombeza. Alimenya hindi la pili, la tatu, la nne, bila kuinua macho. Chiriku akatamani angalau angemfokea.

"Kamwambie mama yako," alisema mwishowe. "Kisha bwana shamba. Mimi sitakusemea."

Chiriku alisema. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akageukia ukutani. Bwana shamba alimsimamisha mbele ya wakulima wale wale. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mzee mmoja wa nyuma alimwomba arudie, naye akarudia kila kitu.

Msimu uliofuata jaribio lilianza upya, na shangazi naye akachukua chupa yake. Safari hii madoa hayakuisha, lakini upande uliopuliziwa majani yalibaki ya kijani na mahindi yakajaa punje. Siku ya mavuno, shambani kwa shangazi, bwana shamba alifungua daftari la Chiriku, akasoma mstari mmoja: "Leo sikupulizia. Mvua imenyesha. Nitapulizia kesho."

"Kwa hiyo mwaka jana shangazi angevuna vizuri?" Chiriku aliuliza.

"Labda. Hatutajua kamwe, na mimi linaniuma kama linavyokuuma wewe." Alimrudishia daftari. "Ungeandika 'sikupulizia' tangu mwanzo, ningejua la kufanya. Mtu akikuamini, anapanda na kuvuna kwa neno lako. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Utaona aibu, itapita. Mwaka wa shangazi yako haurudi."

Mistari michache mbele, shangazi alikuwa akivuna mahindi yake. Alimwita Chiriku aende akamshikie gunia, naye akaenda.