Ni Fundi Tu, Mheshimiwa

Foleni ya masjala ya mahakama ilikuwa imesimama tangu asubuhi, kwa sababu karani alikuwa amepoteza ufunguo wa kabati la majalada. Akaitwa fundi kufuli, mwanamume mrefu mwenye shati la bluu lililopauka mabegani. Alipiga magoti karibu na fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kwa mara ya tano kufuatilia kesi yake.

"Dada, mbona unanitazama kama mimi ndiye niliyeupoteza?"

"Fungua tu, kaka. Maisha yangu yamo humo."

Mashine ya kiwandani ilikuwa imemsaga fundi cherehani mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki tena. Ofisi ya mafao ikamnyima posho ya ulemavu, eti wa kushoto bado mzima. Akaenda mahakamani, jaji aupitie uamuzi huo. Miezi minane sasa, njoo leo, njoo kesho.

Kabati likafunguka. Jalada lake halikuwamo. Lilikuwa mezani, chini ya chupa ya chai ya karani. Fundi cherehani alicheka kwa hasira, fundi kufuli akacheka naye, na kicheko hicho kikazaa simu za kila jioni.

"Umekula, bibie?"

"Nimekula foleni."

Fundi kufuli akawa anampandishia mtungi wa gesi hadi kwake ghorofa ya nne. Mdogo wake fundi cherehani akaanza kumwita shemeji bila kuuliza mtu.

Siku kesi iliposikilizwa, wakili wa ofisi alizuka na hoja mpya: mdai ana mwanamume anayemtunza, kaonekana akimbebea gesi. Posho ya nini?

"Ni nani huyo?" jaji akauliza.

Fundi cherehani, aliyekwisha kula kiapo, akajibu haraka. "Ni fundi tu, Mheshimiwa. Hana lolote kwangu."

Benchi la nyuma likalia. Fundi kufuli, aliyekuja na shati jipya bila kumwambia, alikuwa anatoka.

Simu za fundi cherehani hazikupokelewa hadi siku ya nne.

"Fundi tu anaongea. Kuna kitasa kimeharibika?"

"Mpenzi, ulitaka niseme nini? Nikikukubali, wananinyima. Nikikukana, nakukosa!"

"Ungesema kweli."

"Kweli hailishi mtu!" Akakata simu, kisha akalia, maana alijua amekosa.

Kesi ilipotajwa tena, aliinuka kabla wakili hajafungua kinywa.

"Mheshimiwa, siku ile nilidanganya. Yule ni mpenzi wangu. Hanilishi, mwenyewe anaungaunga. Ananipenda tu. Kama kupendwa ni kupona, mbona vidole havikunjiki?"

Jaji akamkaripia: kiapo si mchezo. Kisha akasema sheria inauliza habari za mkono, haiulizi habari za moyo. Uamuzi wa ofisi ukafutwa. Lakini posho si yake kutoa. Ofisi ile ile iyasikilize maombi upya.

"Upya? Na fomu?"

"Na fomu, mama."

Akapiga simu akiwa koridoni. "Nimeshinda, na sijapata kitu." Akamsimulia yote.

"Umesema hivyo mbele ya jaji?"

"Na wakili wao, na yule karani wa chai."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Kesho yake walikaa kwenye benchi la ofisi ya mafao, yeye akitamka majibu, mwanamume akisoma fomu na kuandika.

"Hali ya ndoa?"

"Hajaolewa."

Kalamu haikusogea. "Niandike 'karibuni'?"

Fundi cherehani aligeuza uso, akajifuta macho kwa mkono wa kushoto. "Andika hajaolewa. Ninavyowajua hawa, mwezi ujao watatujazisha fomu nyingine. Hiyo utaandika ameolewa."