Wavu wa Omondi

Risper alikuwa akigeuza majani ya mchaichai juu ya wavu pikipiki ilipoingia uani. Werema, mkaguzi wa ghala la Suna, alishuka na gunia. Risper alilitambua. Lilikuwa lake.

"Mama Austine, limerudi," Werema alisema polepole.

"Kwa nini? Lina mchanga?"

"Nusa mwenyewe."

Risper akanusa. "Nasikia mchaichai tu."

Jirani yake Roseline, aliyekuja kuomba chumvi, akaingiza pua guniani. Akacheka. "Aaa! Hii ni chai ama ni omena? Mzungu akiinywa ataitisha ugali!"

Werema hakucheka. Aliutazama wavu. "Hapa mlikuwa mkianika nini?"

"Omena. Baba Austine alikuwa akivua, ndiye aliyeufunga kwenye hivi vigingi."

Roseline akainamisha kichwa. Omondi, mume wa Risper, alikwenda ziwani mwezi wa tatu, hakurudi.

"Pole sana, mama," Werema alisema. "Lakini mchaichai hunyonya harufu. Wewe umeizoea omena, huisikii tena. Mnunuzi wa ng'ambo ataisikia, na atarudisha mzigo wa kikundi chenu kizima cha wakulima."

"Niliuosha mara tatu. Kwa sabuni."

"Haitoki. Tengeneza meza ya miti, uiezekee paa la nyasi. Tandika wavu mpya. Majani yakauke kivulini, kwenye upepo, mbali na samaki na moshi. Jua kali nalo linamaliza harufu yake nzuri. Gunia lingine likirudi, kikundi kitakuondoa. Sitaweza kukutetea."

Risper alishika ukingo wa wavu. "Nilikuwa naona kama bado tunafanya kazi pamoja," alisema.

Meza waliijenga kwa Roseline, mbali na ule wavu. Risper alikata majani asubuhi, umande ulipokauka. Aliyachambua, akayaanika kivulini, akayageuza kila siku. Yalipokauka, Roseline alichota kiganja kizima, akanusa.

"Sasa hii ni chai, nyamin," alisema. Dada yangu.

Gunia la majani hayo halikurudi. Werema alipiga simu: lilipita, mnunuzi anataka jingine. Risper alihitaji meza ya pili, na nafasi ilikuwa hapo kwake tu, penye wavu.

Jioni alianza kuufungua. Vilikuwa vigingi vinne, na mafundo ya Omondi yalikuwa yamekaza sana. La kwanza lilifunguka, kisha la pili. Upande mmoja wa wavu ukaanguka, ukamgusa usoni.

Risper alisimama. Ilikuwa omena. Sasa aliisikia.

Mafundo mawili yaliyobaki aliyaacha hadi kesho.