Kandambili Zilizomruka Winchi

Saa tisa na dakika kumi alasiri, mkata karatasi alifungua mlango wa ghala la kiwanda cha uchapaji akitafuta rimu mbili. Badala yake alikuta kabati la waya liko wazi na pakiti ya mitihani ya kumaliza shule imetoweka. Nyuma ya maboksi alikuwa amelala kifudifudi mpagazi wa kiwanda, ambaye kila mtu alimwita Winchi kwa jinsi alivyonyanyua mizigo.

"Nisaidie, kaka," Winchi alisema. "Miguu imekataa."

Mkata karatasi alidhani ni utani. Akamshika mkono kumwinua, ukadondoka kama nguo iliyolowa.

Inspekta alifika saa tisa na nusu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na wenzake walimjua kwa jambo moja: akishika neno haliachii. Kabla ya kumhoji mtu alitoa amri mbili. Lango lifungwe, hata mkokoteni wa mabaki ya karatasi usitoke. Na mgonjwa apelekwe hospitali, damu ichukuliwe sasa hivi, akiwa bado katika hali ile ile.

"Mgonjwa?" mwenye kiwanda alifoka. "Huyo anatuchezea shere! Watu wakipokezana kwenda kula, saa saba mpaka saa tisa, ufunguo wa ghala na wa kabati anakaa nao nani kama si yeye?"

"Mdomo wake umepasuka, bosi," Inspekta alijibu. "Anayeigiza huwa anaanguka kwa adabu."

Saa kumi pakiti ilipatikana ndani ya gunia la mabaki, kwenye mkokoteni, lakiri yake haijavunjwa. Mitihani ilikuwa imepona. Winchi bado, maana ilipofika saa moja jioni alisimama akatembea kama hakuna kilichotokea, na mwenye kiwanda akapiga meza kwa furaha. Mkuu wa kituo naye hakutaka maneno mengi.

"Una mpaka kesho saa nne asubuhi," alimwambia Inspekta. "Baada ya hapo namfikisha mahakamani."

Inspekta alimkuta Winchi kitandani hospitalini, feni inazunguka juu yake, jasho linamtiririka. Glasi ya maji ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari.

"Unakula vizuri?"

"Nakula kama nimetumwa, mama. Lakini suruali zinanikimbia."

"Nieleze ya leo."

"Asubuhi nilihamisha maboksi sitini, peke yangu. Shemeji akanionea huruma, akaninunulia wali sahani mbili na soda mbili. Akaniambia nipumzike."

Huyo shemeji ndiye msimamizi wa kiwanda, mume wa dada yake, na ndiye aliyemtafutia kazi.

"Nikasinzia, funguo nimeziacha juu ya boksi. Nilipoamka nikataka kusimama, nikaporomoka kifudifudi. Kisha mtu akaingia. Niliona kandambili tu."

Hilo halikusaidia sana. Katika ghala lile viatu vilivuliwa mlangoni ili karatasi zisichafuke, na kila aliyeingia alivaa kandambili za buluu za kiwanda, zote sare.

"Hukuita?"

"Niliita, 'Shemeji! Shemeji!' Ofisi yake iko jirani. Kandambili zikasimama. Halafu zikaniruka, zikaenda kwenye kabati."

"Huyo mtu hakushtuka?"

"Hata kidogo." Winchi aligeuza uso ukutani. Iliuma, na hakuficha.

Inspekta aliandika, akapigia mstari: *hakushtuka*. Mtu akikuta mwenzake amelala sakafuni anaita, hupiga kelele au hukimbia. Huyu alikuwa anajua atakachokikuta.

Mkata karatasi alikuwa wa kwanza kushukiwa, kwani magunia ya mabaki yalitoka kwenye mashine yake, na wiki iliyopita walikuwa wamegombana na Winchi.

"Afande, mashine ile naiendesha peke yangu, na haikati mpaka mikono yote miwili ibonyeze," alisema. "Waulize wafunga vitabu kama ilinyamaza."

Wafunga vitabu, ambao kelele za mashine ile ziliwakera miaka yote, waliapa kwamba iligonga bila kupumzika tangu saa saba mpaka saa tisa na dakika tano. Mkata karatasi akatoka kwenye orodha.

Msimamizi alijibu kwa upole. "Nimeumia, Inspekta. Sijawahi kumwona hivyo maishani. Labda ni uvivu. Tumsamehe."

Asubuhi, saa mbili, daktari alikuwa na majibu ya damu.

"Hakuigiza. Potasiamu, madini yanayoendesha misuli, ilikuwa chini mno. Tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo inayomkondesha na kumtetemesha. Mtu wa hivi akifanya kazi nzito, akashiba wanga na sukari, kisha akapumzika, misuli inaweza kulegea ghafla. Saa chache baadaye nguvu zinarudi. Ila siku nyingine moyo ungeweza kusimama."

Dada yake Winchi alikuwa mlangoni na shati safi. "Mungu wangu! Na hii ni mara ya tatu. Ya kwanza alituhamishia vyombo, akala, akalala, akaamka miguu haina habari. Mume wangu ndiye aliyembeba. Akasema tunyamaze, asije akafukuzwa kazi."

"Una mtoto anayefanya mtihani?"

"Binti yetu, anarudia. Kwa nini?"

Inspekta alimshika bega, akaharakisha kwenda kiwandani.

Saa tatu na nusu walisimama ghalani, wote na kandambili za buluu: mwenye kiwanda, mkata karatasi, msimamizi na Winchi.

"Msimamizi, maboksi sitini yalihamishwa kwa kazi ipi? Daftari la kazi halina agizo."

"Nilikuwa napanga ghala."

"Ulisema hujawahi kumwona hivi. Mkeo anasema ulimbeba. Ulijua kinachomwangusha, ukampa vyote kwa mpangilio. Na ulijua jioni atatembea, watu waseme anaigiza."

"Hayo ni maneno tu. Nani aliniona?" Ghafla akamgeukia Winchi. "Wewe! Usiku kucha nimejiuliza kwa nini hunitaji. Si uliniita? Ulinitambua, ukaniita!"

Winchi alimtazama.

"Sikukutambua, shemeji. Nilikuwa nakuita uje unisaidie."

Msimamizi aliketi juu ya boksi, akafunika uso. "Binti yangu amefeli mara mbili," alisema. "Nimemwona akichana madaftari yake mwenyewe. Sikujua moyo unaweza kusimama. Nakuapia sikujua."

"Lakini nilikuita," alisema Winchi, "na ulinisikia."

Msimamizi alipofungwa pingu, Inspekta alimshika Winchi mkono, wakavua kandambili mlangoni, akampeleka kwa daktari kuanza dawa.