Nani Ana Ufunguo wa Pili?

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Nanyokie huenda kusimama karibu na zizi la jirani yake Ngoyai. Kijijini Nainokanoka mtandao wa simu hupatikana hapo tu, tena usimame upande wa ng'ombe. Ng'ombe wa Ngoyai wamemzoea. Wanadhani anakuja kuwasalimia wao.

Nanyokie ni mjane. Anatunga shanga na kuziuza. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, na anasoma polepole, huku kidole kikifuata maneno. Zamani alikuwa akipiga picha shanga zake na kuziweka kwenye wasapu. Kesho yake picha zimepotea, na mteja naye kapotea nazo.

Binti wa kaka yake, Soila, ndiye aliyeleta wazo la blogu.

"Shangazi, picha ya wasapu inakufa baada ya siku moja," alisema Soila. "Blogu ni kama gazeti lako mwenyewe kwenye mtandao. Mtu wa Arusha, wa Mwanza, popote alipo, anafungua anaona bidhaa. Leo anaona, mwakani anaona. Blogu inakaa."

"Inakula nini?" aliuliza Nanyokie.

"Bando tu, shangazi."

Siku ya mnada walikutana Karatu, katika duka la Hamisa. Walikuwa wanne, wote wauzaji wadogo wa mtandaoni. Hamisa aliuza madira na mitandio. Wilibrodi, mkulima wa Endamarariek, aliuza asali. Walikubaliana blogu iwe ya wote, na kazi ya blogu iwe ya kujitolea. Hakuna wa kulipwa.

Wilibrodi alikuja na jina. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi.

"Umoja wa Wauzaji Wadogo wa Mtandaoni wa Karatu na Ngorongoro," alisoma.

"Mzee Wili," alisema Hamisa, "mteja akimaliza kulisoma hilo, mimi nimeshafunga duka."

Wakacheka. Wakabishana nani atapiga picha, nani ataandika, nani atajibu wateja. Kila mmoja alikuwa na sababu. Hamisa ana duka. Wilibrodi ana mizinga. Nanyokie yuko mbali na mtandao. Mwisho macho yote yakamgeukia Soila, kama watu wanavyomtazama mwenye kisu nyama ikishaiva.

"Mwachieni Soila," alisema Hamisa. "Yeye ndiye anayejua. Na jina liwe lake, Duka la Soila. Fupi, tamu."

Soila akakubali. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa hajui kukataa.

Wakati huo Nasrin alikuwa amesimama mlangoni. Nasrin ana steshenari ya jirani, anachapa barua na kuwajazia watu fomu kwenye kompyuta. Alikuja kuomba chenji tu.

"Na ufunguo wa pili atakuwa nao nani?" aliuliza.

"Ufunguo gani?"

"Wa blogu. Neno la siri. Kama anajua Soila peke yake, Soila akiumwa mtaingiaje? Au, Mungu apishie mbali, akifa?"

Nanyokie aliweka shanga zake chini.

"Binti," alisema, "kwenu mnasalimiana hivyo? Mtoto amekaa hapa mzima, anakunywa chai, wewe unamchimbia kaburi?"

Nasrin akaomba radhi, akachukua chenji yake, akaondoka. Hamisa akanong'ona kwamba kompyuta zinawaharibu watu. Wakaagiza chai nyingine. Suala la ufunguo wa pili likaishia hapo.

Miezi saba mambo yakaenda vizuri. Soila alipiga picha za kila mtu. Aliandika habari fupi za kuchekesha. Na yeye mwenyewe alivaa shanga za shangazi yake, akapigwa picha akicheka, akaiweka picha hiyo juu kabisa ya blogu. Asali ya Wilibrodi ikafika Dodoma. Madira ya Hamisa yakafika mahali ambapo Hamisa mwenyewe hajafika.

Mwezi wa tisa ikaja oda kubwa. Binti mmoja wa Arusha aitwaye Kakenya alitaka shanga thelathini za shingoni, bluu na nyeupe, za wasindikizaji wake. Harusi ilikuwa Desemba, na angelipa akizipokea.

"Tunga tu, shangazi," alisema Soila. "Namba yake ninayo mimi."

Nanyokie akatunga mpaka vidole vikafa ganzi.

Novemba Soila akashikwa na homa. Siku ya nne akafariki. Wakamzika huko huko Nainokanoka, nyumbani kwa mume wake, Lekoko.

Sasa, kwa Wamaasai wa umri wa Nanyokie, mtu akishazikwa jina lake halitamkwi tena na watu wake. Linawekwa chini pamoja naye. Basi hebu fikiria duka lenye jina hilo. Mteja wa zamani mwenye namba yake anapiga simu, anauliza, "Hapo ni Duka la Soila?" Nanyokie anabaki ameshika simu. Akisema ndiyo, amekiuka. Akisema siyo, amedanganya. Alikuwa anakata simu. Jina fupi, tamu, likawa mwiba kooni.

Na shanga thelathini zilikuwa tayari, zimening'inia ukutani.

Akaenda kwa Lekoko kuulizia simu ya marehemu. Alimkuta ameketi nje, simu iko mkononi.

"Ndiyo hii," alisema Lekoko. "Ilikuwa imejifunga, mama. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akafuta kila kitu, laini nayo ikapotelea huko, lakini simu ikafunguka. Sasa ni kama mpya."

"Na namba za wateja?"

"Mama, nimekwambia ni mpya."

"Na maneno ya siri ya blogu? Hakuandika popote?"

"Sijui."

Nanyokie akaitazama ile simu.

"Na picha zake mwenyewe?"

Lekoko aligeuzageuza simu mkononi, kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka.

"Hata hizo," alisema. "Nilimwambia fundi aifungue tu. Sikujua kufungua ni kufuta."

Nanyokie alikuwa amekuja na maneno makali. Akarudi nayo nyumbani.

Desemba ikapita. Mnada wa Januari, Nanyokie akashuka Karatu. Hamisa hakumkaribisha chai. Alimpa simu, blogu ikiwa wazi.

"Soma, mama. Hapo chini ya picha."

Nanyokie akaweka kidole. "Ma-ta-pe-li," alisoma. Akapumzika. Akaendelea. "Nimewasubiri. Simu haipokelewi. Harusi yangu imepita. Msinunue kwa hawa watu. Kakenya, Arusha."

Juu ya maneno hayo Soila alikuwa anacheka na shanga shingoni.

"Lifute," alisema Nanyokie.

"Nifute na nini? Mwenye blogu ndiye anayefuta. Mwenye blogu tumemzika." Hamisa alivuta mtandio wake. "Watu wangu wa Babati wameliona. Wawili wamenirudishia madira."

Wilibrodi alikuwa amekaa kwenye gunia. "Mimi nauza asali," alisema. "Katika maisha yangu sijaitwa tapeli. Leo naitwa tapeli na mtu ambaye hata asali hakununua."

"Wewe unataka kusema ni shanga zangu," alisema Nanyokie.

"Sijasema."

"Umesema kwa kutosema."

"Ninyi wawili," alisema Hamisa, "mkigombana hilo neno litafutika? Twendeni kwa yule binti."

Wakaenda steshenari. Nasrin alikuwa akichapa barua. Akawapa benchi. Nanyokie hakukaa.

"Sema kwanza," alimwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Ulichokisema siku ile. Una haki ya kukirudia."

"Haki hiyo siitaki, mama. Kaa."

Nanyokie akakaa. Nasrin akafungua blogu kwenye kompyuta yake, akaitazama kwa muda.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Kuingia ndani hatuwezi. Ilifunguliwa kwa barua pepe ya marehemu na laini yake. Laini imepotea, na kurudisha laini ya marehemu ni safari ya makaratasi ambayo sijui mwisho wake. Lakini chini ya picha mtu yeyote anaweza kuandika, kama huyu alivyoandika. Mlango umefungwa, ila kibarazani mnaweza kusimama. Na neno lake hili, anayeweza kulifuta ni yeye mwenyewe aliyeliandika."

"Yaani mwenye kututukana ndiye wa kutusafisha?" aliuliza Wilibrodi.

"Ndiye huyo."

Nanyokie akasema, "Andika." Nasrin akaandika.

"Kakenya, mimi ndiye niliyetunga shanga zako. Ziko tayari tangu Novemba. Aliyepokea oda yako amefariki. Namba yako ilikuwa kwake tu. Hatukukuibia. Hatukupanga vizuri."

"Tuweke jina la marehemu, mama? Ili aelewe ni nani."

Nanyokie alitazama ukutani.

"Jina liko hapo juu, kubwa kama bango la kampeni," alisema. "Asiyeliona hana macho. Weka namba yangu na ya Hamisa."

Nasrin akaweka.

"Sasa tufungue nyingine," alisema Hamisa. "Na safari hii utuambie kila kitu, hata cha kututisha."

Nasrin akawaambia. Blogu ya kikundi isiwe na jina la mtu. Barua pepe ya kuifungulia iwe ya kikundi. Wasimamizi wawe wawili au watatu, kila mmoja aingie kwa neno lake la siri, asimpe mwenzake.

"Hata mume?" aliuliza Hamisa.

"Hata mume, mama Abdu."

"Hilo limenifurahisha."

Na namba ya simu ya kusaidia pale mtu anaposahau neno la siri isiwe ya mtu mmoja peke yake. Mwanakikundi akiondoka, atolewe siku hiyo hiyo. Kila picha iandikwe ni kazi ya nani. Wapeane zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na asiyeweza aseme mapema. Na kila oda iandikwe kwenye daftari linalokaa dukani: jina la mteja, namba yake, anataka nini, lini.

"Daftari?" alishangaa Wilibrodi. "Si tumehamia kwenye mtandao?"

"Daftari halina neno la siri, mzee."

Wilibrodi akatoa tena karatasi yake yenye jina refu. Hamisa akaichukua, akaikalia. Wakaiita blogu yao Asali, Shanga na Mitandio.

"Hilo halina mtu wa kufa," alisema Hamisa.

Nasrin na Wilibrodi na Hamisa wakawa wasimamizi. Walipokuwa wanataka kuinuka, Nanyokie akanyoosha mkono.

"Bado. Mimi nikifa kesho, nani anawajibu wateja wangu?"

Wilibrodi akakohoa. Hamisa akaangalia viatu vyake.

"Semeni. Mara ya kwanza nilimfukuza aliyeuliza. Sasa nauliza mwenyewe."

"Mimi," alisema Wilibrodi mwishowe.

"Unajua kutofautisha shanga za bibi harusi na za mtoto?"

"Sijui."

"Unajua nini?"

"Nyuki."

"Basi kaa chini. Leo huondoki Karatu mpaka ujue."

Akafungua mfuko wake, akamfundisha mpaka gari la Nainokanoka likapiga honi.

Wiki ya tatu, lile neno la Kakenya halikuwepo tena. Alikuwa amelifuta. Hakupiga simu, hakuandika pole, na shanga hakuzitaka. Harusi yake haikurudi nyuma. Nanyokie alizishusha ukutani, akazifumua zote, akatunga upya kwa rangi nyingine.

Machi Hamisa alilazwa, akafanyiwa upasuaji. Alikaa wiki tatu bila kushika simu. Aliporudi dukani, akakimbilia daftari. Oda kumi na moja zilikuwa zimejibiwa na kutumwa kwa basi, nyingine kwa mwandiko wa Nasrin, nyingine kwa mwandiko wa Wilibrodi, ambao unasomeka kwa shida lakini unasomeka. Hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba Hamisa alikuwa hospitali. Alilia kidogo, kisha akamlaumu Wilibrodi kwa kumwuzia mteja dira la kijani kwa bei ya kuchekesha.

Ile blogu ya kwanza bado ipo. Nasrin alisema wanaweza kuomba ifutwe, wakipata cheti cha kifo kutoka kwa mume. Nanyokie akaenda kwa Lekoko kukiomba.

"Mkifuta, na picha zinakwenda?" aliuliza Lekoko.

"Picha gani?"

"Zake. Zilizoko huko."

Nanyokie hakuomba cheti tena. Alimchukua mpaka kwenye zizi la Ngoyai, akamwonyesha mahali pa kusimama, akamfungulia blogu.

Tangu siku hiyo, asubuhi, Nanyokie akifika pale na simu yake, mara nyingi anamkuta Lekoko ametangulia. Hawasemeshani sana. Jina hawalitaji. Nanyokie anajibu wateja wa shanga. Lekoko ameinua simu juu, anangoja picha ifunguke. Ng'ombe wamemzoea na yeye.