Kiti cha Meza ya Kusini

Mratibu wa safari za ndege alinyanyuka kwenda kujibu ujumbe ulioingia kwenye meza ya kusini, akakuta umeshajibiwa.

"Hewa nzuri. Endeleeni." Chini yake palikuwa na herufi zake mwenyewe, zile anazoweka kama sahihi kwenye kila ujumbe unaokwenda kwa marubani. Saa ilikuwa tisa na robo alasiri, jua linapiga dirishani, na chumbani hakuwamo mtu mwingine. Kiti cha meza ile kilikuwa kitupu tangu mwezi uliopita, siku meneja alipopita na barua za kupunguza watu. "Mtu mmoja mwepesi anatosha," alisema. Yeye mwenyewe ana wasaidizi wawili, lakini hayo tuyaache.

Basi huyo mwepesi ndiye aliyebaki, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anazunguka kama pia baina ya meza mbili: ya kaskazini, iliyokuwa na ndege sita siku hiyo, na ya kusini, iliyokuwa na moja. Kazi yake ni kuwaambia marubani walio angani hewa ya mbele ikoje, kiwanja gani kimefungwa, wageukie wapi. Na kazi hiyo ina sharti moja: ukimwambia rubani jambo, lazima alirudie neno kwa neno, nawe umsikie. Lakini watu wakishapungua, nani ana muda? Ni yeye aliyeanza kuwaambia, "Jamani, semeni 'tumepokea' tu, yatosha." Marubani wakamshukuru sana.

"Labda nilijibu nikasahau," alijisemea. Na ukweli usemwe, alifurahi kuona kazi imepungua.

Ndege ile ya kusini ilibeba watu tisini. Rubani msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba, aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki. Hakuwa na mwingine.

Saa kumi kasoro dakika chache ikaingia taarifa kwamba kiwanja anachokwenda mdogo wake kimemezwa na dhoruba ya vumbi, kimefungwa. Wakigeuka kabla ya saa kumi na nusu, mafuta yatawafikisha kiwanja cha pili. Wakichelewa hapo, hawana pa kutua.

Akakimbilia meza ya kusini, akaandika: kiwanja kimefungwa, geukeni. Jibu likaja palepale: "Tumepokea." Akashusha pumzi, akarudi kwa ndege zake sita.

Baada ya dakika kumi akatazama ramani kwenye skrini. Ndege ya mdogo wake haikuwa imegeuka.

Ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya nywele zinazoungua. Akarudi kusini polepole. Kiti kile kitupu kilikuwa kikilia, nyii, nyii, kama vile mtu mzito anajiweka sawa. Akasimama kando yake, akachukua hedifoni ya redio iliyokuwa mezani, akaisogeza sikioni, akasikia sauti ya mwanamke ikisema taratibu, kwa upole kabisa, hewa nzuri, endeleeni, na ile sauti ilikuwa yake, na kutoka mbali angani mdogo wake akaijibu kwa furaha, "Tumepokea, dada."

"Usimsikilize!" alipiga kelele. "Si mimi!"

"Tumepokea," kikajibu kitu, si ndani ya hedifoni, bali pale pale kitini.

Akampigia simu mzee aliyekalia kiti kile miaka ishirini kabla ya kupewa barua yake.

"Mzee, kuna kitu kwenye kiti chako," alinong'ona. "Kinajibu badala yangu."

Mzee akauliza, "Mliacha kurudia maneno?"

"Tuliacha. Nilianza mimi."

"Ah, mwanangu. Sisi tulionywa na waliotutangulia. Pale katikati, baina ya anayesema na anayejibu, kuna mwenyewe. Anajua kukubali na kutuliza, lakini neno la mtu hawezi kulirudia. Kaa kwenye hicho kiti, mbane rubani mpaka arudie neno kwa neno."

"Nikae? Mzee, kimekaliwa!"

"Ndiyo maana nakwambia kaa."

Akakaa. Akahisi magoti ya mtu chini yake, baridi kupita kiasi, na kifua mgongoni mwake kinachopanda na kushuka, na vidole virefu vikilala juu ya vidole vyake kila alipotaka kubonyeza kitufe, naye anabonyeza, anasema kiwanja kimefungwa, geukeni, na mdomo usioonekana unamjibu shingoni "tumepokea," naye anasema rudia, na mdomo unasema "tumepokea," rudia neno kwa neno, "tumepokea, tumepokea," hadi akalia kwa sauti, "Rudia, kitinda wangu, nakuomba kwa jina la mama, rudia!"

Akaachia kitufe, akasikiliza.

"Kiwanja kimefungwa," ikasema sauti ya kijana, imejaa mikwaruzo. "Tunageuka sasa hivi kwenda kiwanja cha pili. Dada, vipi, mbona unalia?"

Magoti yakatoweka chini yake. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini na saba, na kwenye ramani ndege ilianza kupinda. Mratibu alilia bila haya, machozi na kamasi, akicheka.

Kisha akasikia nyii, nyii, upande wa pili wa chumba, na sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole kwenye meza ya kaskazini: "Hewa nzuri. Endeleeni." Ndege sita zikajibu moja baada ya nyingine. Tumepokea. Tumepokea. Akinyanyuka, anakiachia kitu kile mdogo wake, ambaye bado ana dakika arobaini kabla ya kutua. Asiponyanyuka, anakiachia wote walio kwenye zile ndege sita.

Mlangoni alikuwa akipita mama mfagizi na ndoo yake.

"Mama! Acha ndoo, njoo haraka! Kaa pale kwenye kiti changu. Usiguse kitu, we kaa tu!"

Mama mfagizi akaingia akijifuta mikono. Alipofika meza ya kaskazini akasita, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akamgeukia mratibu.

"Nikae wapi, mwanangu? Mwambie kwanza mwenzako anipishe."