Kubisha Hodi Jangwani

Chepchumba alikuwa akipepeta maharagwe nje ya nyumba yake Elburgon simu ilipolia. Alikuwa ni bintiye, Jemutai. Kwa miaka minne Jemutai alikuwa muuguzi Australia, katika kijiji cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katikati ya jangwa.

"Mama, usikate tiketi bado. Huku mgeni haingii bila ruhusa ya wenyeji."

"Ruhusa? Ya kuona mtoto niliyemzaa?"

Alikata simu kwa uchungu. Jirani yake Hiram, aliyewahi kuendesha malori katika jangwa lile, akasogea uani.

"Mama Jemutai, mtu akipita katikati ya shamba lako bila hodi, utafanya nini?"

"Nitamfukuza!"

"Basi. Ile ardhi ni yao. Utajaza fomu, useme wewe ni nani na unaendea nini. Ukifika, usipige mtu picha kabla ya kumuuliza. Usibebe pombe. Na kuna mahali patakatifu. Ukiambiwa usikanyage, usikanyage."

Chepchumba aliweka ungo chini. "Nisaidie kupata hiyo fomu. Lazima nifike."

Ruhusa ilitoka baada ya wiki tano, akasafiri. Lakini alipofika mji wa mwisho kabla ya jangwa, Jemutai alipiga simu tena. Mzee mmoja wa kijiji alikuwa amefariki. Wageni wote wangoje mpaka matanga yaishe.

Mtoto wake alikuwa mwendo wa saa nne tu kwa gari! Watalii wawili waliolala hoteli moja naye walimwambia, "Sisi tunaingia tu. Panda, nafasi iko."

Chepchumba alitazama lile gari. Machozi yalimlengalenga.

"Hata kwetu watu huzika," alisema. "Nitangoja."

Watalii wale walirudishwa njiani. Yeye alingoja siku sita.

Siku ya saba Jemutai mwenyewe alikuja kumchukua. Walikumbatiana muda mrefu. Kijijini, dada wa marehemu alimshika Chepchumba mkono, akaongea polepole. Jemutai akatafsiri:

"Anasema walisikia kuna mama aliyewangoja wamlilie mtu wao. Anasema wewe pia ni dada yake. Kesho wanawake wanaenda kuchimba viazi mwitu, na wanataka uende nao."

Chepchumba akaketi mchangani kando ya yule mama.

"Mwambie nitaenda," alisema. "Lakini kwanza anionyeshe vile wao huchimba."